Nilivyoliandaa Gari Langu kwa Safari ya Kigali

Nilipowaambia wenzangu kwamba ningeendesha gari langu mwenyewe kutoka Nairobi hadi Kigali, karibu wote walinishauri nisijisumbue, eti kila kitu hununuliwa mpakani. Ushauri huo haufai hata kidogo. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ndiyo bima ya kuvukia mipaka, niliipata hapa Nairobi kwa shilingi elfu chache, nikaisoma kwa utulivu na kuona kwamba inawakinga watu utakaowagonga wala si gari lako; kwa hiyo niliomba bima yangu kubwa nayo ipanuliwe ifike Uganda na Rwanda. Barua ya idhini ya benki niliichukua pia, kwani mkopo wa gari haujaisha.

Kazi iliyonishughulisha hasa ilikuwa taa. Kenya na Uganda huendeshwa kushoto, lakini ukishavuka Gatuna, mpaka wa Uganda na Rwanda, unahamia kulia. Taa za magari yetu zinapopunguzwa huinua mwanga kidogo upande wa kushoto ili dereva aone ukingo wa barabara, na nchini Rwanda upande huo ndiko wanakotokea madereva mnaopishana nao, ukawachoma macho. Fundi mmoja alizishusha taa zote mbili kwa bisibisi, nami usiku huo sikuliona shimo lililokuwa hatua chache mbele yangu. Nilimtaka azirejeshe zilivyokuwa.

Jioni iliyofuata niliegesha gari mkabala na ukuta wa ploti yetu, nikauona waziwazi mwanga ukipanda upande wa kushoto. Nilichukua kipande cha katoni, nikakisogeza polepole juu ya kioo cha taa, ambacho kwa gari langu la zamani ni cha mistari, mpaka mwinuko ule ukatoweka na kubaki mstari ulionyooka ukutani. Nikatia alama kwa chaki, nikakata utepe mweusi wa mafundi wa umeme kwa umbo lile lile. Niliubandika Gatuna kabla ya giza kuingia, na hadi Kigali hakuna dereva aliyenimulikia kwa hasira.

Kulipita lori huko ukiwa na usukani wa kulia ni hatari, maana dereva haoni mbele. Mke wangu, aliyeketi kushoto, ndiye aliyenieleza kama njia ni nyeupe. Anayesafiri peke yake avumilie nyuma ya malori katika milima ile. Utepe nao ubanduliwe mara tu mtu anaporudi Uganda, kwa sababu huko ukingo wa kushoto unahitaji mwanga wake wote.