Kuchimba dawa njia ya Nzega

Kwenye basi la Tabora kwenda Mwanza, kondakta akitangaza "kuchimba dawa, dakika tano", abiria hushuka na kugawana pori: akina mama kushoto, wanaume kulia, kila mtu anajifanya hamwoni mwenzake. Mwaka 2017 tulikuwa tunakwenda kwenye harusi ya dada yangu, tukashuka hivyo baada ya kuipita Nzega. Dakika tano zikaisha, watu wakarudi kukaa. Kiti cha pembeni yangu kikabaki kitupu.

Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Nikashuka kumfuata baba.

Nilimkuta nyuma ya kichaka, amenipa mgongo, mkono mmoja umeshika tawi. Sikuona kitu, wala sikutakiwa kuona, ila nilisikia. Tone. Kimya. Matone mawili. Halafu mguno mdogo wa mtu anayeumia na hataki asikike. "Rudi kwenye gari," akasema bila kugeuka. Alipopanda, mama mmoja akauliza kwa sauti, "Mzee alikuwa anachimba dawa au anachimba kisima?" Basi zima likaangua kicheko. Baba naye akacheka, na hicho cha kwake ndicho kilichoniuma.

Alikuwa na miaka 64, mstaafu wa reli. Nikajiambia ni tezi dume, maana siku hizi mwanaume wa umri ule akichelewa chooni, mtaa mzima unageuka daktari wa tezi dume. Kumuuliza nisingeweza. Nyumbani kwetu baba na mwana wanaongea shamba, mahari, siasa, hata madeni. Chini ya mkanda hakuna maongezi. Kazi hiyo ni ya babu, ya mjomba, au ya mtani.

Mtani tulikuwa naye, Mzaramo aliyekuja Tabora na kazi ya reli ujanani, akaoa, akabaki. Tuliporudi nilimfuata nikamweleza ya kichakani. Siku ya pili akaniletea majibu akitafuna karanga zangu bila kuombwa.

"Mwanangu, mzee wako koti limembana shingoni. Nyie Wanyamwezi mmezidi! Mtu anavaa koti tangu tumboni kwa mama yake hadi uzeeni, sasa limekataa kuvuka."

Nikaelewa. Govi. Halikuwahi kumsumbua, kaoa, kazaa watoto sita. Kama mwaka mmoja nyuma likaanza kumwasha, likachanika vichaniko vidogo kama midomo wakati wa kipupwe. Vikapona, vikachanika tena, na kila vikipona linabana zaidi, mpaka likagoma kabisa kurudi nyuma. Akikojoa linavimba kwanza kama puto, ndipo mkojo utoke kwa uzi mwembamba. Duka la dawa alikwenda mara tatu, na mara zote tatu muuzaji alimpa tyubu ya fangasi bila kumwangalia. Ningemlaumu, ila baba alikuwa amemwambia ni fangasi za miguu.

Magari ya tohara kinga yalikuwa yamepita sana mtaani kwetu na vipaza sauti, kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Baba aliwatuma vijana wetu waende. Yeye akabaki barazani. "Hayo ni ya vijana," alisema.

Aliyemlazimisha kwenda kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, Mwanza, ni mtani. Alimwambia akikataa, atakwenda kumtangaza sokoni, na kila mtu alijua angefanya kweli.

Daktari alikuwa kijana kuliko mimi. Alimsalimia baba shikamoo, akavuta pazia, wakakaa huko kama robo saa. Kisha baba akaniita niingie. Sijui kama ni daktari aliyemshauri. Nilidhani tutazungumza kisu. Daktari akauliza, "Mzee, usiku unaamka mara ngapi?"

"Tano. Sita."

"Na kiu?"

"Jagi linalala na mimi."

Akamtoboa kidole, tone la damu likaingia kwenye kimashine cha kupima sukari, ikasoma milimoli 19.4 kwa lita. Akasema ikifika 11.1 saa yoyote ya siku, na dalili kama hizi zipo, hicho ni kisukari.

Nikawakumbuka sisimizi. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe ambako baba alizoea kujisaidia usiku, palikuwa na msururu wa sisimizi kila asubuhi. Mama aliwagombeza wajukuu miezi mizima kwamba wanamwaga asali. Tabora asali haikosekani ndani ya nyumba, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, na wale watoto hawakuwa na wa kuwatetea.

Daktari alieleza taratibu. Sukari inayotoka na mkojo hubaki chini ya govi, fangasi hushiba humo, ngozi inawaka, inachanika, inapona kwa kovu, na kovu halivutiki. Wao wanaita fimosisi. Mwenye ngozi bado laini humpa krimu ya steroidi, anapaka mara mbili kwa siku kwa wiki nne hadi nane, na wengi hawafiki kwenye kisu. La baba lilikuwa na pete nyeupe, ngumu. Hiyo krimu hailegezi. Alikuwa amepapasa pia kama kuna kivimbe chini yake, kwa sababu govi lililobana muda mrefu linaweza kuficha saratani. Hakukuta. Tezi dume nayo ilikuwa salama.

"Umewahi kulivuta kwa nguvu?"

Baba akatazama dirishani. Alishajaribu, na mafuta ya kula.

Daktari akaweka kalamu chini. "Bahati yako halikukubali. Lingevuka likanasa nyuma ya kichwa, lingevimba likose kurudi, na damu isingepita. Hiyo haingoji kukuche, mzee. Unakuja usiku uleule."

Nami nikapata ujasiri wa kuuliza la kwangu. Mwanangu wa miaka mitatu lake halifunguki, na majirani walishamwambia mke wangu alivute kidogo kidogo anapomwogesha. Daktari akauliza kama analia akikojoa, kama ana homa, kama pamevimba au pana usaha. Hakuna. "Basi mwacheni. Watoto huzaliwa limebandikana, huachia lenyewe, wengine hadi balehe. Mkilivuta mtamtengenezea kovu kama la babu yake." Nilimpigia mke wangu simu nikiwa koridoni.

Hawakumkata siku ile. Kwanza sukari ishuke, maana kidonda cha mwenye sukari ya juu hakifungi vizuri. Vidonge, chai isiyo na sukari, asali ikahamishiwa kwa shangazi. Tukarudi baada ya wiki kadhaa, wakampiga ganzi, na alitoka anatembea kwa miguu yake, amevaa msuli, hatua fupi fupi.

Tulipofika nyumbani mtani alikuwa ameshakaa chini ya mwembe. Akasimama, akapiga kigelegele cha kike.

"Mama mwenye nyumba! Nimesikia kijana wenu katoka jandoni. Nimekuja kumtunza."

Hakuwa na zawadi yoyote mkononi. Alimkamata jogoo mmoja wa baba, akasema huo ni ujira wa kungwi, akaelekea njiani. Baba alicheka hadi akajishika msuli, akipiga kelele, "Acha kunichekesha wewe, nyuzi zitakatika!"