Nywele za singa: kabla ya kuzitia dawa ya mawimbi

Kwanza jua nywele zimepitia nini. Zilizonyooshwa kwa rilaksa ya sodiamu hidroksaidi ziache kabisa, zitakatika. Hina ya pakiti, hasa nyeusi, huweza kuwa na chumvi za metali, zinazogombana na dawa ya mawimbi. Jaribu hivi: Kata kishungi, kiloweke dakika 30 katika mililita 30 za peroksaidi ya asilimia 6 na matone 20 ya amonia ya asilimia 28. Kikipata joto au kunuka vibaya, chumvi zimo, usitie dawa.

Vuta unywele mmoja uliolowa: ukibaki umerefuka bila kurudi, hauwezi dawa.

Rola nene huleta ujazo, nyembamba hukaza mikunjo. Unywele uzunguke rola angalau mara moja na nusu, la sivyo zitajikunja ncha tu. Nywele ndefu nzito hujivuta, mizizi ikalala, zipunguzwe kwanza.

Saluni nyingi huharibu kwenye kusuuza dawa ya mawimbi, rola zikiwa bado kichwani. Maji yapite dakika 5 nzima, kisha rola zikaushwe kwa taulo kabla ya dawa ya kufunga mawimbi, maana maji yaliyobaki huizimua na mawimbi hufunguka mapema. Shampuu ingoje saa 48.

Unayetaka ujazo tu, jaribu mkato wa ngazi. Haukupotezei chochote ila urefu.