Harusi iliyosogezwa siku moja

Ukiwauliza watu mambo yaliharibikia wapi kwenye Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare ya wapenzi wawili wa familia zenye uadui, wengi watakwambia ni ile barua. Padri Laurence, aliyewafungisha ndoa kwa siri, kamtuma mwenzie, Padri John, apeleke ujumbe kwa Romeo aliyekimbilia mji wa Mantua, kwamba Juliet hajafa, kalala kwa dawa tu, alafu Padri John akafungiwa kwenye nyumba huko Verona, mji wao, kwa hofu ya tauni na barua ikarudi kama ilivyo. Walimu nao wanasema hadithi inageuka tendo la tatu onyesho la kwanza, pale Romeo anapoamulia ugomvi, Tybalt, binamu wa Juliet, anapitisha upanga chini ya mkono wake na kumchoma Mercutio, rafiki wa Romeo, kisha Romeo anamuua Tybalt na kufukuzwa mjini. Sikatai hata kidogo. Mpaka hapo ilikuwa inaenda kama komedi kabisa, kuna pati, kuna yaya anatumwa huku na kule, ndoa ya siri, na Mercutio aliyekuwa anachekesha kuliko wote ndo anakufa wa kwanza, baada ya hapo utani haurudi tena.

Ila juzi nimeisoma upya na safari hii nikawa namfuatilia mzee Capulet, babake Juliet, na jamani nimeumia.

Mwanzoni kabisa Paris, kijana wa ukoo mkubwa, anapokuja kumposa Juliet, mzee anamwambia binti bado mdogo, hajafikisha hata miaka 14, tusubiri misimu miwili ya kiangazi. Baba anayejali, kabisa. Alafu Tybalt akafa, nyumba ina msiba, na Jumatatu usiku huyo huyo anamwambia Paris harusi ifanyike wiki hii hii. Anahesabu siku kwa sauti: leo Jumatatu, basi Jumatano ni mapema mno, iwe Alhamisi, tena waalikwa kama sita tu maana tumefiwa. Jumatano ni mapema mno, kasema mwenyewe kwa mdomo wake!

Sasa Jumanne Juliet anatoka kwa padri na mpango kichwani, anywe dawa Jumatano usiku aonekane kafa, alale nayo saa 42, Romeo awe ameshapata barua. Anafika nyumbani, anapiga magoti, anamwomba baba msamaha kwa kukataa ndoa. Ni uongo, lakini uongo wenye adabu, na mzee aliyekuwa amemtishia kumfukuza akafie barabarani anafurahi mpaka anasema harusi iwe kesho asubuhi. Mama Juliet anamkatalia, anasema Alhamisi inatosha, maandalizi hayatatosha, mzee hasikii. Wale waalikwa sita wamesahaulika, sasa anaagiza wapishi 20.

Hapo ndo pananiumiza kuliko kaburini wanakokufa wote wawili. Juliet analazimika kunywa dawa Jumanne usiku na siku nzima ya padri imepotea, na hakuna chuki yoyote pale, hakuna upanga, ni baba tu kafurahi kwamba mwanae kamtii. Padri barua iliporudi alisema ataandika nyingine, mi naamini ile siku moja ingemtosha kuifikisha kabla Romeo hajanunua sumu ajiue, akidhani Juliet kafa kweli.

Na Shakespeare alikusudia hii haraka. Kisa alikitoa kwenye shairi refu la Arthur Brooke la mwaka 1562 na huko mambo yanachukua miezi, wapenzi wana muda wa kuishi na siri yao. Yeye kaibana yote kutoka Jumapili asubuhi mpaka alfajiri ya Ijumaa, kwaiyo kila mtu kwenye hii tamthilia anaamua akiwa hajalala vizuri, Romeo, padri, Capulet, wote.

Mzee usiku ule hakulala kweli. Anasema leo mimi ndo mama wa nyumba, niachieni, saa tisa usiku bado yuko macho anahimiza watu, angalieni nyama kwenye oveni msibane hela, kuni zikavu ziko wapi, na binti yuko chumbani ameshakunywa. Asubuhi yaya anaenda kumwamsha bi harusi, anapiga kelele, na Capulet aliyekuwa anafokea kila mtu tangu usiku anasema kifo kimemfunga ulimi hawezi kuongea. Muziki wa bwana harusi ulishaanza kusikika unakuja.