Hatimaye Bethlehemu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Mimi na baba watoto tumefika. Siku mbili nzima tulikwama njiani: ndege iliahirishwa mara mbili, tukalala sakafuni uwanjani, khanga yangu moja ndiyo shuka letu sote wawili. Saa nane usiku akanishika mkono, akaanza Zaburi ya 121 kwa sauti ya chini. Nililia. Mizigo nayo ilichelewa, lakini hayo yameshapita.

Leo asubuhi tumeingia Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu. Mlango wake ni mfupi, kama mita 1.2 hivi, lazima uiname. Wanauita Mlango wa Unyenyekevu. Ndani unashuka ngazi hadi pangoni, na pale sakafuni ipo nyota ya fedha yenye ncha 14, mahali tunapoamini Mwokozi alizaliwa. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja. Marumaru ile ni baridi, laini kwa kuguswa na watu wengi. Nikataja majina yenu yote niliyoyaandika kwenye daftari, moja moja, mpaka nikaguswa bega kwamba wengine wanasubiri.

Miaka 6 tumedunduliza kwa safari hii. Kesho tunakwenda mto Yordani.