Nilivyosoma hisabati kama somo dogo chuoni

Somo langu kuu lilikuwa uchumi. Hisabati niliichukua kama somo dogo kwa sababu kila makala ya uchumi ikianza kutumia matriki, yaani majedwali ya namba yanayokokotolewa kwa pamoja, nilikuwa naruka kurasa, na nilichoka kuruka.

Kalkulasi ya muhula wa kwanza haikunisumbua. Shida ilikuja na kozi ya uthibitisho. Nilizoea "tafuta jibu", sasa naambiwa "onyesha kwamba". Jaribio la kwanza nilipata chini ya nusu, na iliniuma sana, maana nilikuwa nimekesha nikikariri.

Kilichonikwamua ni swali dogo tu: thibitisha kwamba x ikikaribia 2, basi 3x + 1 inakaribia 7. Nani asiyeona kuwa ni 7? Lakini maana rasmi ya kikomo, yaani thamani inayokaribiwa, inasema kwa kila epsiloni iliyozidi sifuri (umbali unaoruhusiwa kutoka 7) kuna delta iliyozidi sifuri (umbali wa x kutoka 2) inayotosha kutouvuka, na sentensi hiyo nilikuwa naighani kama shairi bila kuielewa. Mwenzangu mmoja, ambaye hisabati ndiyo somo lake kuu, akaniambia, "Mimi nataja epsiloni, wewe nijibu kwa delta." Akataja 0.3. Nikatazama: 3x + 1 inapishana na 7 mara tatu ya vile x inavyopishana na 2, kwa hiyo 0.1 inatosha. Akataja 0.03, nikajibu 0.01. Hapo nikashika. Atakachotaja chochote, nakigawa kwa 3, na uthibitisho umekwisha! Lazima yeye aanze, mimi nifuate. Ukigeuza mpangilio huo, maana yote inaharibika.

Tangu siku hiyo niliacha kukariri. Nilikuwa nasoma uthibitisho mara moja, nafunga daftari, nauandika upya kwenye karatasi tupu. Nilipokwama ndipo palipokuwa na kitu sijakielewa. Muda wa saa moja kila asubuhi, kabla ya mihadhara ya uchumi. Nikiiacha hisabati hadi Jumamosi, insha za uchumi huimeza.

Anayesoma uchumi namshauri achukue aljebra ya mstari, yaani kozi ya matriki, mapema, nadhani mapema kuliko nilivyofanya mimi. Mwaka wa tatu nilirudia makala niliyowahi kuiruka. Mwandishi alikuwa ametoa safu moja ya takwimu bila maelezo. Nikaona mwenyewe sababu: safu ile ilikuwa jumla ya nyingine mbili, na ingebaki, matriki ya kukokotolea isingekuwa na kinyume, yaani matriki ya kuirudisha hesabu nyuma, na jibu moja lisingepatikana. Makala ile niliisoma hadi ukurasa wa mwisho.