468 mara 27

Jibu kwenye daftari lake lilikuwa 11,016. Nikatia kosa kwa kalamu nyekundu na kuvuta daftari jingine. Ukiwa na darasa la tano la watoto tisini na wanne, na madaftari yamejaa mezani mpaka mengine umeyaweka kwenye kiti, hukai kulitafakari jibu moja.

Sijui nini kilinirudisha. Labda ni ile njia yake ya kukokotoa, imepangwa safi, namba chini ya namba. Nikatazama swali aliloandika: 408 × 27. Mimi ubaoni niliandika 468. Piga mwenyewe uone, 408 mara 27 ni 11,016 kamili. Nikafunua kurasa za nyuma. Karibu kila penye kosa langu jekundu, mtoto alikuwa amepatia swali ambalo sikuuliza.

Binti huyu, jina naliacha, ana ualbino. Macho yake huchezacheza, na vya mbali havioni vizuri. Miwani inamsaidia kiasi tu, kwa sababu kwa watu wenye ualbino hata sehemu ya nyuma ya jicho haikukua sawasawa. Kwa hiyo ubaoni alikuwa haambulii kitu, ananakili kwa jirani yake, na jirani ana mwandiko wa kuku. Mimi muhula mzima namwambia, "Wewe binti, ongeza bidii."

Nikamleta dawati la mbele karibu na mlango, nikajiona nimemaliza kazi. Wiki ya pili namkuta kajikinga uso kwa daftari. Anayeijua Dodoma ya mwezi wa nane anajua uwanja wa shule unavyokuwa: mweupe, mkavu, mti wenyewe mmoja, na saa nne asubuhi mwanga wote unaingia mlangoni. Nikamhamisha tena, safari hii upande wa ukuta, dirisha likiwa nyuma yake.

Ofisini nikashauriwa nimpeleke Buigiri. Ni shule ya wasioona, pale Chamwino, njia ya Morogoro, na sina neno baya nayo. Nikamwita bibi yake, ndiye anayemlea. Akaingia na "Mbukwenyi" yake ya Kigogo, nikamwamkia shikamoo, nikaanza kumweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mwanangu, huko hesabu ni nyingine?"

"Hapana bibi, ni zilezile."

"Basi. Kitabu anasoma, akikisogeza puani. Jana kanisomea karatasi ya dawa zangu za presha, yote."

Nikarudi darasani sina hoja. Tangu siku hiyo kila ninachoandika ubaoni nakisoma kwa sauti, namba moja moja. Hilo halina gharama, na wale wa nyuma kabisa wakaanza kupata hesabu walizokuwa wakikosa (tusiulizane walikuwa wanaona nini miaka yote). Mazoezi nampelekea kijana wa steshenari karibu na kituo cha daladala, anayakuza kutoka A4 kwenda A3. Shilingi mia tatu kila karatasi, mfukoni mwangu. Sisemi ili nisifiwe. Inaniudhi.

Kinachoniudhi zaidi ni muda. Baraza la Mitihani linamtambua mtoto kama huyu: mtahiniwa mwenye uoni hafifu anapewa karatasi ya maandishi makubwa, na anaongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Vizuri sana. Lakini hiyo ni siku ya mtihani wa taifa. Siku nyingine zote darasani tunamfutia ubao hajafika mstari wa tatu, halafu siku hiyo tunamkabidhi dakika ambazo hajawahi kufundishwa kuzitumia. Nilipoanza kumwongezea muda kwenye majaribio ya Ijumaa, mwenzangu mmoja akasema huo ni upendeleo. Nikamuuliza, basi na Baraza nalo linapendelea? Akachukua chapati yake, akaenda kunywea chai nje. Hatujamalizana.

Mwaka huu yuko la sita. Ijumaa iliyopita niliandika jaribio kwa mkono, nikalitolea kopi, lake nikalikuza kama kawaida. Hazijapita dakika tano, mkono juu.

"Mwalimu, swali la tatu, hii ni sita au sifuri?"

Nikaichukua karatasi. Kwenye A3 hakuna pa kujificha: sita yangu ilikuwa na mkia mfupi uliojikunja ndani, mviringo kama yai. Nikakumbuka 468 ya mwaka jana, na yule jirani niliyemsingizia mwandiko.

Nikaiandika upya pembeni, kubwa, yenye mkia mrefu. Kisha nikaenda ubaoni kuwaandikia na wengine.