Jinsi nilivyoponya mzani wa ghala bila kununua kichwa kipya

Mwanzoni mwa msimu wa korosho, mzani wa jukwaa katika ghala ninalolisimamia mkoani Mtwara ulianza kututia aibu mbele ya wakulima. Gunia lile lile lilikuwa na uzito mmoja upande wa mlangoni na mwingine upande wa ukutani, na hata jukwaa likiwa tupu, namba zilipanda na kushuka zenyewe. Fundi wa kwanza aliutazama kwa dakika chache, akatuambia tununue kichwa kipya, yaani kile kifaa kinachoonyesha namba, kwa laki tano na ushee. Ushauri ule uliniudhi, kwa kuwa kichwa husoma tu kile kinacholetwa na vihisi vinne vilivyo chini ya jukwaa, ambavyo mafundi huviita lodi seli.

Kila kihisi ni kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, kikielemewa na mzigo. Juu yake zimegandishwa foili nne nyembamba, mbili zikinyooshwa na mbili zikibanwa, na ukinzani wake, yaani kiasi zinavyozuia umeme, unapobadilika, saketi inayoziunganisha, iitwayo daraja la Wheatstone, hutoa umeme mdogo ajabu: kihisi chetu, kikilishwa volti 5 na kubeba mzigo wake wote, hutoa milivolti 10 tu. Umeme mdogo namna hiyo hauvumilii uvujaji wowote.

Niliweka jiwe la mzani la kilo 20 katika kila kona kwa zamu. Kona tatu zilisoma sawasawa. Ya nne ilisoma 18 na kitu, tena ikiendelea kushuka. Nilifungua kisanduku cha maungio, ambamo nyaya za vihisi vyote hukutana, nikachomoa nyaya za kihisi kimoja kimoja, na nilipofika cha nne, namba zikatulia tuli. Ukinzani wake kati ya nyaya mbili za kutolea ulikuwa omu 350 kama wenzake, nikakaribia kukiondolea lawama, hadi nilipogusisha ncha moja ya mita kwenye waya na nyingine kwenye chuma chenyewe. Wenzake hawakuonyesha njia yoyote ya umeme. Hiki kilionyesha omu milioni chache. Panya alikuwa ametafuna kebo yake, na unyevu ukaingia.

Nilikianika juani, nikakifunga kwa utepe, kikafanya kazi siku mbili, kisha ugonjwa ukarudi na umande. Muuzaji akanipa kingine cha umbo lile lile na kilo zile zile, lakini jiwe la kilo 20 likasoma karibu 28. Nusu siku nzima niliamini nimekosea kuunga nyaya, mpaka niliposoma lebo: kilikuwa cha milivolti 3 kwa kila volti, ilhali wenzake ni vya 2. Soma lebo hiyo kabla ya kulipa.

Kilichofaa kilipopatikana, nilisawazisha kona kwa vijisukurubu vya kisanduku, kisha Wakala wa Vipimo wakauhakiki mzani na kuufunga lakiri. Gunia la kwanza baada ya hapo nililipima katika kona zote nne, mwenye gunia akiangalia.